Shekhar Mehta na Datsun ya kabureta tatu: wazee wa kufunga eya klina za michezo, hii yenu



Leo siasa naiweka pembeni. Kila nikikaa kijiweni hapa Buigiri, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, nawasikia vijana wanabishana kuhusu kufunga eya klina za michezo kwenye Altezza. Ya nani inavuta, ya nani inalia kama simba, nani kapigwa bei. Ubishi wa masaa. Na kwenye ubishi wote huo sijasikia hata mmoja anamtaja Shekhar Mehta, wakati huyo bwana ndiye aliyeshinda, kwenye vumbi na tope la hii hii Afrika Mashariki yetu, na gari ya michezo ambayo njia yake ya hewa ilibadilishwa na watu wanaojua wanachokifanya. Kwa hiyo nimeamua kumleta hapa. Mliopo cafe mnaohesabu dakika, kaeni mkao wa kula, sio fupi.

Jina lake kamili ni Chandrashekhar Mehta. Alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, kwenye familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Tuseme ukweli, hakuzaliwa kwenye shida. Gari alizikuta nyumbani. Lakini watoto wa matajiri wenye gari walikuwa wengi tu Kampala na Nairobi, na hatuwakumbuki. Yeye alianza rali mwaka 1966 akiwa na miaka 21, na BMW, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Sasa kwa wale ambao Safari Rally wanaijua ya juzi juzi tu, ya Naivasha kwenye runinga, nieleze kidogo. Safari ya zamani ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari, jina lililodumu mpaka 1974 ilipobaki kuwa mali ya Kenya. Ilikuwa inapigwa wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe, makusudi. Kilomita kama 5,000, usiku na mchana, barabara hazifungwi. Unakutana na lori, ng'ombe, mtu na baiskeli yake, basi limelala katikati ya njia. Ukichelewa kufika kituoni unaandikiwa pointi za adhabu, na mwenye pointi chache ndiye bingwa. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7. Mwaka 1968 zilianza 93, zikamaliza 7 tena. Sijakosea kuandika, ni saba.

Wazungu wa Ulaya na viwanda vyao walikuja mwaka baada ya mwaka na kurudi mikono mitupu. Mpaka 1972 hakuna dereva wa kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda. Mwaka huo ndipo Hannu Mikkola wa Finland akavunja mwiko na Ford Escort. Kabla ya hapo walishinda wenyeji tu: Joginder Singh wa Kenya, Bert Shankland wa kwetu Tanzania aliyechukua 1966 na 1967 na Peugeot 404, na wengineo. Mehta alikulia kwenye kizazi kilichowaona hawa kwa macho.

Haya, tuje kwenye chuma chenyewe. Datsun 240Z. Milango miwili, pua ndefu, mgongo umelala, mpaka leo ukiiona unageuka. Injini yake inaitwa L24, silinda sita zimepanga mstari mmoja, cc 2,393. Ile ya dukani ilikuja na kabureta mbili, na kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 151 kwa vipimo vya Marekani vya enzi hizo, ambavyo vilikuwa na ukarimu kidogo. Kabureta mbili kwa silinda sita maana yake kila kabureta inalisha silinda tatu. Silinda zinagawana, zinasubiriana, na ya pembeni haipati sawa na ya karibu.

Watu wa Nissan walipoiandaa kwa ajili ya rali walitoa zile mbili, wakafunga kabureta tatu za Mikuni zilizotengenezwa kwa leseni ya Solex, kila moja ina midomo miwili. Piga hesabu: midomo sita, silinda sita. Kila silinda ina koo lake, haiombi kwa jirani. Nguvu ikapanda ikapita farasi 200. Lakini sikilizeni hapa wazee wa Altezza: hawakufunga kabureta tu wakaenda baa. Hewa nyingi ikiingia inataka petroli nyingi, kwa hiyo jeti zinabadilishwa. Inataka valvu zifunguke zaidi na kwa muda mrefu, kwa hiyo shafti ya kemu inabadilishwa. Inataka kubanwa zaidi, kwa hiyo hedi inafanyiwa kazi. Inataka kutoka haraka, kwa hiyo eksozi nayo. Injini ni kama mtu, huwezi kumpanua pua peke yake ukategemea ashinde marathoni.

Mwaka 1971 Datsun hizo zilikuja Safari. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa anaishi Kenya, alishinda akiwa na Hans Schüller, na nyuma yake, nafasi ya pili, kijana wa miaka 25 kutoka Uganda. Mehta huyo, na msoma ramani wake Mike Doughty. Watu wakaanza kumwandika kwenye daftari la mabingwa wajao.

Hapa nichepuke kidogo, nirudi Buigiri.

Kuna mshkaji wangu mmoja wa Dodoma mjini alikuja na Altezza yake, ile RS200, na kiboksi mkononi. Ndani kuna eya klina ya duara, umbo la koni, nyekundu, inang'aa, na bomba la alumini na klampu mbili. Alikuwa ameinunua dukani Dar na anataka ifungwe siku hiyo hiyo. Fundi wetu, mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwarobaini na turubai, aliiangalia ile koni muda mrefu bila kusema kitu. Kazi yenyewe si ngumu, mtu yeyote mwenye bisibisi na spana namba kumi anaiweza. Unatoa waya wa betri. Unalegeza klampu ya bomba linaloingia kwenye injini. Unachomoa soketi ya kile kidude kinachopima hewa, taratibu, maana waya wake wa ndani ni mwembamba kama unywele, ukiugusa umeisha. Unafungua boksi jeusi la plastiki, lote linatoka. Unahamishia kidude kwenye bomba jipya, unabana koni, unarudisha waya wa betri, unawasha. Nusu saa.

Sauti? Bonge la sauti. Ukikanyaga resi inavuta pumzi kama ng'ombe dume. Mshkaji alicheka mpaka akakaa chini. Akaondoka kuelekea Chamwino, vumbi nyuma.

Mzee fundi ndipo akaanza kunielezea, na kwa mara ya kwanza nikasikia kutoka kwake habari za yule Mhindi wa Datsun. Anasema kijana anatengeneza Datsun pikapu enzi hizo, kila fundi alikuwa na jina la Mehta mdomoni. Jambo alilotaka nilielewe ni la hewa yenyewe. Lita moja tu ya petroli ikiungua inataka hewa karibu lita 9,000. Tanki moja la kawaida ni zaidi ya hewa ya madarasa mawili matatu ya shule, na hewa ya Ugogo wakati wa kiangazi mnaijua ilivyo. Unaanika shuka nyeupe asubuhi, jioni ni rangi ya chai. Hiyo ndiyo injini inayovuta.

Pili, urefu kutoka usawa wa bahari. Dodoma tupo kama mita 1,100 juu. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12, kwa hiyo gari ile ile ikitoka Dar ikifika hapa imeshapoteza sehemu ya nguvu, hata ukiifunga tarumbeta. Tatu, lile boksi jeusi ambalo vijana wanalitupa lilikuwa linavuta hewa ya mbele ya gari, ya baridi. Koni ukiiacha wazi chini ya boneti inavuta hewa ya jotoni, iliyopikwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9. Yaani umelipa hela ili upoteze nguvu, ila unapoteza kwa sauti nzuri.

Baada ya wiki mbili mshkaji alipita tena. Mzee akalegeza klampu, akafunga kitambaa cheupe kwenye kidole, akakipitisha ndani ya bomba, upande wa injini, ile sehemu ambayo haitakiwi kuwa na kitu. Kikatoka chekundu. Ile koni haikukaa sawa sawa kwenye mdomo wa bomba, vumbi lilikuwa linapita pembeni. Boksi jeusi lilirudishwa siku hiyo hiyo. Kuna mwingine wa vijiji vya jirani hakurudi kwa fundi, na ndani ya mwaka gari yake ikawa inakula oili kuliko petroli, moshi wa bluu, ringi zimelika, silinda zimekwanguka. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa. Sasa hivi anaendesha bodaboda, Altezza ipo nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani.

Sisemi msifunge. Nasema mjue mnafunga nini, wapi, na kwa hewa gani. Kile kipimo cha kitambaa cheupe ni bure. Tuendelee na Mehta, maana kwake vumbi lilikuwa dogo kuliko yaliyomkuta.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, siku 90. Hadithi ya kufukuzwa Waasia mnaijua, ama mmeisoma shuleni kwa mistari miwili. Familia ya Mehta ni kati ya walioacha mashamba, nyumba na kila kitu wakavuka kwenda Kenya. Mtu ambaye jana alikuwa mtoto wa tajiri wa Uganda leo ni mgeni Nairobi. Wengi wa rika lake walichukua ndege wakaenda Uingereza na Canada wakaanza maisha ya kuuza duka. Yeye akabaki hapa hapa Afrika Mashariki. Mimi hilo ndilo linaloniuma na kunifurahisha pamoja. Alikuwa na kila sababu ya kuichukia ardhi hii na barabara zake.

Mwisho wa zile siku 90 ulikuwa Novemba 1972. Pasaka ya 1973 ilikuwa Aprili. Hesabu mwenyewe: miezi mitano na kitu. Mehta akapanda kwenye 240Z, pembeni yake Lofty Drews, na mwaka huo Safari ilikuwa nzito kuliko kawaida kwa sababu ndio mwaka ubingwa wa dunia wa rali ulipoanzishwa, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Dunia nzima inaangalia.

Nini kilitokea? Walipomaliza, zikahesabiwa pointi za adhabu, na watu wawili wakawa sawa. Sawa kabisa, baada ya maelfu ya kilomita. Mehta upande mmoja, Harry Källström wa Sweden upande wa pili, naye yupo kwenye Datsun vile vile, ila yake ni 1800. Hakuna kurudia, hakuna penalti kama mpira. Wakaenda kwenye kanuni: nani alikwenda mbali zaidi mwanzoni bila kuandikiwa adhabu. Jibu likawa Mehta. Yaani ubingwa wake wa kwanza aliupata si kwa mbio za mwisho bali kwa kule mwanzo ambako wengine walishaanza kupoteza dakika moja hapa, mbili kule. Nafasi ya tatu alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504.

Fikirini kabureta zile tatu kwenye safari hiyo. Kabureta haina akili, haijui ipo Mombasa usawa wa bahari au ipo kwenye milima zaidi ya mita 2,000. Inamwaga petroli ile ile wakati hewa inapungua, gari inakuwa nzito, plagi zinakuwa nyeusi. Ukiweka jeti za kufaa milimani, pwani injini inaungua. Kwa hiyo mafundi wanachagua katikati, na dereva anatakiwa ajue kwa sikio na kwa mguu wapi aibembeleze na wapi aimalize. Gari za leo kompyuta inafanya hiyo kazi. Enzi hizo kompyuta ilikuwa mguu wa kulia wa Mehta.

Baada ya hapo ikapita miaka mitano bila kushinda Safari. Joginder Singh akachukua 1974 na 1976 na Mitsubishi, Andersson 1975, Björn Waldegård 1977, Jean-Pierre Nicolas 1978. Mehta alikuwa na umri wa miaka 33, na kwenye michezo mingi mtu akifika hapo watu wanaanza kumtafutia kazi ya utangazaji.

Mwaka 1979 akarudi na Datsun nyingine, na hii ukiiona hutamani. Inaitwa Violet, 160J. Sio gari ya michezo. Ni gari ya mwalimu mkuu. Umbo la boksi, silinda nne, cc 2,000. Upande wa pili Mercedes wamekuja na 450 SLC, injini ya lita 5, silinda nane, na ndani yake amekaa Hannu Mikkola. Kwa ubishi wa kijiweni hapa mechi imeisha kabla ya kuanza. Ikaisha hivi: Mehta wa kwanza, Mikkola na Mercedes yake wa pili. 1980, Mehta. 1981, Mehta. 1982, Mehta tena, na aliyemwacha nafasi ya pili ni Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa kwenye Opel Ascona 400, ambaye mwaka huo huo alimaliza akiwa bingwa wa dunia. Miaka yote hiyo minne msoma ramani ni yule yule Mike Doughty wa 1971. Kwenye rali nyingine kadhaa aliyekaa kiti cha pembeni ni mke wake, Yvonne, naye mtu wa rali kweli kweli. Ndoa gani hizi wadau, wengine tunagombana kwenye daladala tu.

Ubingwa wa tano huo, minne mfululizo. Huo mfululizo wa minne hakuna aliyeurudia mpaka leo. Wengi wanadhani alikuwa mzee wa Safari tu, lakini mwaka 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva.

Nimejiuliza sana kwa nini Violet ilishinda, na jibu langu ni hili, anayebisha abishe. Mercedes ilikuwa na nguvu ya ziada ambayo barabara haikuiomba. Kwenye tope la masika nguvu ni matatizo. Gari nyepesi, injini ndogo inayojulikana mpaka mlio wa kila nati, fundi anayeweza kuifungua gizani, na dereva anayejua daraja lipi limekatika mwaka jana. Mehta hakuwa mtu wa kuipiga gari. Alikuwa anaitunza kama anarudi nayo nyumbani.

Mwisho wake wa mashindano ulikuwa mbaya. Mwaka 1987, kwenye Rali ya Mafarao kule Misri, jangwani, alipata ajali kubwa akaumia vibaya sana. Haikuwa mchubuko, ilikuwa ya kufa na kupona. Alipona, lakini kiti cha dereva wa mashindano ndio kikawa kimeishia hapo. Wengine wakifika hapo wanakaa nyumbani kusimulia. Yeye akahamia upande wa kanuni, akapanda mpaka kuongoza kamisheni ya rali ya FIA, chombo kinachosimamia mchezo wa magari duniani. Mtoto wa Uganda aliyefukuzwa kwao anakaa mezani Ulaya kuamua rali za dunia ziendeshwe vipi.

Na hapo kulikuwa na kazi chungu, maana ni miaka ambayo Safari yenyewe ilikuwa inaporomoka. Hela hakuna, viwanda vinalalamika gharama, barabara za wazi zinaonekana hatari. Baada ya 2002 Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Hakuishi kuiona ikirudi, ilirudi 2021.

Alifariki London, Aprili 12, 2006, miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya wiki kuu, siku nne kabla ya Pasaka. Kwa miaka mingi, siku kama hizo angekuwa gereji Nairobi, anaangalia mbingu kama zitamwaga.

Ile 240Z ya Herrmann ya 1971, iliyomwacha Mehta wa pili, ipo Japan, Nissan wenyewe waliifufua 2013 ikawaka na kutembea. Wadau wa Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha ambao wazazi wenu walisimama kando ya barabara enzi hizo, mwenye picha ya Datsun yoyote ya Safari, hata ikiwa imeliwa na mchwa, atupie hapo chini. Na wewe wa Altezza nyeupe uliyepita hapa Jumamosi unalia kama simba, mzee fundi anakutafuta, kitambaa anacho.